Mzee alitaka mimi tu

Siku ya tatu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kifundo cha mkono, simu yangu iliita saa moja asubuhi. Niliipokea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na bandeji kuanzia vidoleni hadi karibu na kiwiko. Aliyepiga alikuwa mzee mmoja niliyekuwa namhariria kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Alinisikiliza nilipomweleza yaliyonipata, akanipa pole ya dhati, akaniombea dua, kisha akavuta pumzi na kuuliza: "Sasa mwanangu, sura ya saba itakuwa tayari lini?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, wenzangu wawili wapo ofisini na kazi inaendelea. Kimya kikapita.

"Hapana," akasema. "Nitakusubiri wewe."

Angetaka kunisubiri kwa sababu ananiamini, ningefurahi. Kilichonikosesha usingizi siku ile ni kwamba sura ya tatu, ya nne na ya tano, zile alizokwisha kuzisifia kwa kurasa mbili za barua pepe, sikuwa nimezihariri mimi. Na yeye hakujua, kwa sababu nilihakikisha hajui.

Nirudi nyuma kidogo. Nilipoacha kazi ya kuajiriwa katika uchapishaji sikukaa chini kujiuliza kama nijenge jina langu au jina la biashara. Hilo ni swali la mtu mwenye muda na mtaji. Mimi nilikuwa na kompyuta moja, kamusi tatu na orodha ya waandishi waliowahi kuridhika na kazi yangu. Nikawaandikia kwamba sasa najitegemea. Wakaja. Barua pepe ilikuwa jina langu, ukurasa wa mtandaoni jina langu na picha yangu, ankara zilitoka kwa jina langu na malipo yaliingia kwenye akaunti yangu ileile ninayolipia umeme. Sikuhitaji nembo wala kaulimbiu. Jina lilikuwa limeshafanya kazi miaka tisa kabla ya biashara kuzaliwa.

Ndiyo maana mpaka leo sikubaliani na wanaowakataza watu kuanza kwa majina yao. Anayeuza uamuzi wake, awe mhariri, mshauri, mwanasheria au mwalimu wa muziki, mteja humnunua yeye. Mteja hana namna ya kuipima kazi kabla haijafanyika, kwa hiyo anampima mtu. Anauliza: huyu ni nani, kafanya kazi na nani, anaongeaje? Kampuni ambayo haijulikani haina majibu ya maswali hayo. Mtu anayo, hata kama biashara yake ina wiki moja.

Siku hizo nilikuwa nimesoma pia habari za "wewe ni chapa", yaani mtu ajiuze kwa jina lake kama bidhaa inavyojulikana kwa nembo yake, wazo lililopata umaarufu kupitia makala ya Tom Peters katika jarida la Marekani la Fast Company mwaka 1997. Lilinikolea. Nilichelewa kung'amua kwamba Peters alikuwa akisema zaidi na wafanyakazi wa maofisini, akiwahimiza kila mmoja ajione kama mkuu wa kampuni yake hata akiwa ameajiriwa. Kwa mwajiriwa maneno hayo yana mantiki: akihama, jina lake linahama naye. Sisi wenye biashara ndogo tuliyabeba vilevile yalivyo tukayafanya mpango wa biashara, bila kuuliza nini kitabaki siku jina litakapolala kitandani na bandeji.

Mwaka wa tatu kazi zikanizidi. Nikamchukua binti mmoja, mwepesi wa kuona kosa kuliko mimi, na baadaye kijana mmoja wa kupanga kurasa na kusoma prufu. Hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda. Kazi ziliingia kwa jina langu, binti akazihariri mchana, na mimi usiku nikazipitia upya ili ziwe na "mkono wangu". Nilikuwa nalipa mshahara wa mtu halafu kazi naifanya mara ya pili.

Halafu siku moja mteja mwingine, mtafiti mkali wa lugha na mambo yake, akaniandikia mstari mmoja tu: "Huyu ni nani kwenye pambizo?" Programu za kuandikia zina tabia ya kuweka jina la mtu kando ya kila sahihisho na kila maoni. Nilikuwa nimepitia faili lote nikasahau hilo. Pambizoni kulikuwa na maoni arobaini na kitu, yote yana jina la binti.

Ningeweza kumjibu: huyo ni mhariri mwenzangu, na soma maoni yake vizuri maana yametulia kuliko ya kwangu. Sikujibu hivyo. Nilimwandikia kwamba ni msaidizi aliyekuwa akiandaa faili, nikaomba radhi, kisha nikaenda kwenye kompyuta ya binti, nikafungua sehemu ya mipangilio, nikafuta jina lake na kuandika la kwangu. Ilichukua chini ya dakika moja. Alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika kikombe.

"Kwa hiyo dada," akasema, "mimi sipo?"

Nilimwambia ni mambo ya kibiashara tu, wateja wamezoea jina langu. Hakubisha. Tangu siku hiyo aliacha kuandika yale maoni marefu pambizoni. Akawa anasahihisha herufi na nukta, basi. Nani atajitoa kwa kazi inayomjengea sifa mtu mwingine?

Hivyo mzee aliposema atanisubiri mimi, alikuwa akivuna nilichokipanda.

Wiki sita za kutokushika kalamu zilinipa nafasi ya kusoma, na nilisoma kwa hasira, nikitafuta waliowahi kunaswa na majina yao. Hawakukosekana. Jo Malone, Mwingereza wa manukato, aliiuza kampuni yenye jina lake kwa Estée Lauder, kampuni kubwa ya vipodozi ya Marekani, mwaka 1999 na kuondoka 2006. Aliporudi sokoni 2011 ilibidi aanze na jina jingine, Jo Loves, kwa sababu lile alilopewa na wazazi wake lilikuwa la kampuni ya watu. Bobbi Brown wa vipodozi aliuza yake kwa Estée Lauder haohao mwaka 1995, kwa mkataba uliomzuia kushindana nayo kwa miaka 25. Aliondoka 2016, akahesabu siku, na mwezi Oktoba 2020, muda ulipokwisha, akafungua kampuni mpya ya vipodozi, Jones Road. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu. Kuna watu wanasubiri wajukuu kwa subira ndogo kuliko hiyo.

Nilichokipata kwao kilikuwa kidogo kuliko nilivyotarajia, ila kilinikaa. Jina la mtu likishawekwa kwenye nyaraka za biashara linakuwa mali kama meza na kompyuta. Linaweza kuuzwa, kuzuiwa, kugombaniwa. Ndugu wawili wa ukoo wa McDonald walioanzisha migahawa ya McDonald's waliuza haki zao kwa mfanyabiashara Ray Kroc mwaka 1961 kwa dola milioni 2.7. Walibaki na mgahawa wao wa kwanza, lakini ilibidi waubadilishe jina uitwe The Big M. Fikiria: umesimama jikoni kwako mwenyewe na huruhusiwi kuandika jina lako mlangoni. Leo neno McDonald's halimkumbushi mtu ndugu wale. Limekuwa jina la biashara kabisa, ingawa lilianza kama jina la ukoo. Kwa hiyo kuandika jina lako kwenye bango hakukufanyi uwe na chapa binafsi, na kubuni neno jipya hakukupi chapa ya biashara. Swali ni mteja akipiga simu anamtafuta nani.

Wangu walikuwa wananitafuta mimi. Nikaamua kukomesha.

Na hapa nilifanya kosa la pili, ambalo lilinigharimu zaidi ya lile la kwanza. Nilikimbia kutoka ukingo mmoja wa mto hadi wa pili bila kusimama katikati. Nikabuni jina la biashara (sitalitaja, lina maana inayokaribia kusafisha), nikalisajili, nikatengenezewa nembo yenye kalamu na jani ambalo mpaka leo sijui lilifuata nini pale, nikafungua tovuti. Nikaondoa picha yangu kila mahali. Kila sentensi ikaanza na "sisi". Sisi ni timu ya wataalamu. Sisi tunathamini ubora. Barua za wateja nikazijibu kwa "timu yetu imepokea ujumbe wako", na timu yenyewe ni mimi nimekaa sebuleni na kandambili.

Maombi ya kazi yakapungua mwezi wa kwanza, yakapungua tena wa pili. Nilijifariji kwa methali, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nikasema watu wataona kazi. Lakini chema kikibadilishwa jina na kuvuliwa uso, nani atakitambua sokoni? Methali ile inamfaa muuza embe, ambaye mteja anaishika na kuinusa. Uhariri haunuswi. Mwezi wa tatu ukaja ujumbe kupitia tovuti: mwandishi mmoja anauliza kama mhariri fulani, akataja jina langu kamili, bado anafanya kazi nasi, kwa sababu alimpoteza mtandaoni na angependa kumpata.

Nilijibu: "Ndiyo, yupo." Nikajiona kituko.

Nilikuwa nimedhani shida ni jina langu kuonekana mno. Kumbe shida ilikuwa majina ya wenzangu kutoonekana kabisa, na dawa niliyoitumia ilikuwa kulificha na la kwangu pia ili tulingane gizani. Binti ndiye aliyelisema, na si kwa upole sana. Nilimwomba asome ukurasa wa "Kuhusu sisi" nilioutunga, akausoma, akaurudisha. "Dada, hapa hakuna mtu," akasema. "Mimi mwenyewe nisingewapa kitabu changu."

Tukauandika upya siku hiyohiyo. Jina la biashara likabaki juu, na chini yake watu watatu, kila mmoja na picha yake, kazi alizofanya na kitu anachokijua kuliko wengine. Nikarudi kwenye ile sehemu ya mipangilio ya kompyuta yake nikakuta jina langu lingali pale, mwaka na zaidi. Nililifuta mbele yake. Hakusema kitu, na mimi sikuomba msamaha kwa maneno mengi, nadhani nilipaswa.

Kuanzia hapo kazi ikiingia tunamweleza mteja tangu siku ya kwanza nani ataishika. Nikamwandikia na mzee. Nilimweleza ukweli wote: sura zile tatu alizozipenda ni za nani, na kwa nini sikumwambia. Nilitarajia atachukua mswada wake aondoke. Alikaa siku nne bila kujibu, kisha akatuma sura ya nane na ujumbe: "Mpe yule aliyeniambia nimuache mama yangu aongee mwenyewe." Hayo yalikuwa maoni ya binti kwenye sura ya nne. Mimi nisingeyaona.

Sitaki ionekane kwamba tangu hapo mambo yalinyooka. Ukiwapa watu majina, wanayo. Yule kijana wa kupanga kurasa alijulikana, wateja wakamwomba kwa jina, na miezi kumi baadaye akaondoka kwenda kujitegemea, wateja wanne nyuma yake. Niliumia. Usiku mmoja nilitamani ile dakika moja ya kufuta jina la mtu kwenye kompyuta. Halafu nikakumbuka kwamba mimi pia ndivyo nilivyoondoka kwa mwajiri wangu, na waandishi walionifuata hawakuwa wameibiwa. Mkataba wetu sasa una kipengele kinachosema kazi iliyokwisha kuanza inamalizikia kwetu, lakini kipengele cha kumzuia mtu kutumia jina alilojijengea sikukiweka. Wapo watakaoniona mjinga. Labda.

Kuna jambo dogo ambalo watu hulipuuza kwa sababu halipendezi kama kuchagua rangi za nembo, nalo ndilo ningeanza nalo kama ningerudi nyuma: makaratasi. Kuhamisha sifa ilinichukua miezi, kuhamisha nywila na akaunti ilinichukua karibu mwaka. Laini ya simu ya biashara ilikuwa ileile ninayoongelea na ndugu zangu. Anwani ya tovuti ilisajiliwa kwa barua pepe niliyoifungua nikiwa mwanafunzi. Ukurasa wenye wafuasi wote ulikuwa wangu binafsi, na humo kuna picha za harusi ya mdogo wangu katikati ya matangazo ya kazi. Unaweza kutumia jina lako mbele ya watu miaka ishirini bila neno, mradi nyuma ya pazia akaunti ya benki, simu, tovuti na mikataba viwe vya biashara. Kutenganisha hayo siku ya kwanza ni kazi ya mchana mmoja.

Ukurasa ule nimeuacha uwe wangu. Ndipo ninapobishana kuhusu tahajia na kusema ninachokifikiri juu ya tafsiri mbovu, na naujua moto wake. Mwaka jana niliandika maneno makali kuhusu kitabu kimoja, mteja wa biashara akayachukulia kama msimamo wa ofisi na akasitisha mazungumzo. Alikuwa na haki, kwani wasifu wangu ulitaja ofisi mstari wa kwanza. Nilijilinganisha na Gerald Ratner, Mwingereza aliyekuwa na maduka ya vito yenye jina la familia yake. Mwaka 1991, akihutubia wafanyabiashara, alitania kwamba bidhaa yake mojawapo inauzwa kwa bei chee kwa sababu ni takataka. Thamani ya kampuni ikaporomoka, mwaka uliofuata akaondoka, na 1993 kampuni ikajiita Signet ili iachane na jina lake. Mimi nilipoteza mteja mmoja, yeye alipoteza kila kitu, lakini mlango tuliopitia ni mmoja: mdomo wa mtu na jina la biashara vilikuwa kitu kimoja. Nimeutoa ule mstari wa ofisi kwenye wasifu.

Rafiki yangu anayetengeneza samani huniuliza kama afanye kama mimi. Humwambia hapana. Yeye alianza kwa kupiga picha za uso wake kando ya kila kiti, akachoka, mauzo hayakusogea. Mnunuzi wa kiti anataka mguu usicheze, kifike siku iliyosemwa, na kikivunjika ajue pa kukirudisha. Hayo yote ni ahadi ambazo karakana inaweza kuzitimiza fundi mkuu akiwa amelala. Kwake jina la biashara lilifaa tangu mwanzo, na uso wake ungetosha kwenye ukurasa mmoja wa ndani. Kwangu ilibidi nianze na uso. Kinachotutenganisha ni kitu tunachouza, wala si ujasiri wa kujianika, ingawa wauzaji wa kozi za mtandaoni hupenda kusema ni ujasiri.

Na kuna swali ambalo sijalijibu. Biashara hii nataka niiuze siku moja, nimwachie binti, au niifunge nikichoka? Kila jibu lingenipeleka kwenye hatua tofauti leo. Kwa sasa tumekubaliana awe mshirika, ana sehemu yake kwa maandishi, na jina la biashara halina jina la yeyote kati yetu, kwa hiyo hakuna atakayelazimika kulinunua jina lake mwenyewe.

Wiki iliyopita simu ya ofisi iliita, nikapokea. Sauti niliijua kabla hajajitambulisha. Nikamwamkia, shikamoo mzee wangu. Akaitikia, akauliza hali ya mkono, nikamwambia umepona kabisa, naandika kama zamani. Akafurahi. Anaanza kitabu cha pili, akasema, sasa anataka kuongea na mhariri wake.

"Niko hapa, mzee, nakusikiliza."

"Hapana mwanangu," akasema. "Yule binti."

Nikamwambia ametoka kidogo, lakini anaweza kuniachia ujumbe, au tuanze kuyazungumza mimi na yeye. Akafikiri kidogo.

"Usijisumbue," akasema. "Nitampigia akirudi."